Yaya Laurentine na Tembe za Kunenepa

Zamani nyumba yetu katika komini ya Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi, ilinuka samaki. Mama aliuza samaki wa barafu, na friza yake ndiyo iliyomsomesha dada yangu mkubwa, Laurentine. Sisi tunamwita Yaya. Yaya alisomea homoni hadi Ulaya, kisha akarudi kufundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi. Umeme ulipokatika maabarani, alikuja mbio na vichupa vya damu, akavificha katikati ya samaki wa mama. Siku moja mteja akaviona. Kelele! Mama alifoka mchana kutwa, lakini vichupa havikutoka. Natamani hata leo kuusikia ugomvi ule.

Sasa mama hayupo tena, na Yaya amestaafu. Kila Jumapili baada ya misa anakuja kwangu, mtaa wa Ruashi, tunakula bukari, yaani ugali, na kukumbushana mambo ya zamani.

Jumapili moja binti yangu Exaucée alituletea maji ya kunawa. Harusi yake na David ilikuwa karibu. Uso wake ulikuwa umejaa, na majirani walimsifu kwamba amependeza. Yaya, shangazi yake, hakumsifu. Alimshika mkono, akatazama mabaka ya damu iliyovilia chini ya ngozi.

"Exaucée, uko unakunywa dawa gani?"

"Hapana dawa, tantine."

"Ma fille, mwanangu, miye njo nilifundishaka bintu ya homoni. Sema."

Exaucée akaanza kulia. Alikwenda chumbani, akaleta mfuko wa tembe za kunenepa. Alizinunua sokoni, na alizimeza kila siku tangu David alipoleta posa.

"Banasema bibi arusi mukondefu analetea famille, jamaa yake, haya," alisema.

Mke wangu Mukuka aliunyakua ule mfuko. "Natupa yote mu choo! Leo leo!"

Nilidhani Yaya atampigia makofi. Wapi! Aliruka, mtu mzima yule, akasimama mlangoni.

"Mukuka, hapana! Akiacha gafla, anaweza kufa."

Yaya akatukalisha, akatufundisha kama alivyofundisha wanafunzi wake.

"Homoni iko ujumbe. Inatembea mu damu, inaambia mwili: fanya hivi, fanya vile. Juu ya figo kuko tezi mbili. Zinatengeneza homoni ya kutupa nguvu, zaidi wakati wa ugonjwa. Hii dawa inafanya kazi ya ile homoni. Basi tezi zinalala. Jirani akikuletea bukari kila siku, utawasha moto?"

"Hapana," Mukuka alijibu.

"Na siku jirani anaacha gafla?"

"Tutalala njaa."

"Njo vile. Mwili unabaki bila homoni. Mutu anatapika, anazimia, anakufa. Lakini akiendelea kumeza, sukari inapanda, pression ya damu inapanda, mifupa inalegea. Basi, asiache peke yake, asiendelee peke yake. Twende kwa munganga wa hospitali. Atapunguza polepole."

Kesho yake tulikwenda hospitali. Daktari alimpima, akampangia dozi ya kupunguza kidogo kidogo. Alimwonya pia: akipata homa au akitapika, arudi hospitali mara moja.

Harusi tukaiahirisha. Exaucée alijifungia chumbani, akiogopa kwamba David atatafuta mwingine. David alipokuja alicheka.

"Kwani miye niliomba mashavu?"

Miezi ikapita. Ilikuwa miezi migumu. Exaucée alichoka upesi, na mara nyingine alitamani kuacha dawa zote siku hiyo hiyo. Yaya alimpigia simu kila asubuhi, akamtuliza. Taratibu uso ukapungua, mabaka yakaisha. Rafiki zake walipomuuliza zinapouzwa zile tembe, aliwakatalia na kuwaeleza yaliyompata.

Mwishowe daktari alipima damu yake asubuhi, akatuita sote. Tezi zilikuwa zimeamka. Zilikuwa zinafanya kazi zenyewe, bila tembe. Mukuka alipiga vigelegele pale pale hospitalini, akaanza kupanga harusi upya.

Yaya aliyasoma majibu yale, akavua miwani, akalia. Sikuwahi kumwona akilia kwa sababu ya kazi.

"Maisha yote nilipima damu ya bantu," alisema. "Niliona namba tu. Sura zao sikuzionaka."

Exaucée akauchukua mkono wa shangazi yake, akauweka shavuni.

"Tantine," alisema, "hii sura unaona leo iko yangu."