Mishipa ya Fahamu

Modesta ni muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba. Zamani alikuwa akifika sokoni kabla jua halijachomoza. Siku hizi alikuwa akifika saa tatu asubuhi, macho mekundu, wateja wazuri wameshakwenda zao. Baba yake, mzee Masele, alikuwa na saratani ya kongosho, kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula. Maumivu yalimkunja kutwa. Alipewa mofini, dawa kali ya maumivu. Ikiongezwa, alisinzia na kukosa choo. Ikipunguzwa, aling'ata shuka.

Daktari wa hospitali ya rufaa aliwaambia kuna njia nyingine: sindano ya kuzima mishipa ya fahamu. Modesta akashtuka. Azimwe fahamu baba yake? Hakuuliza zaidi. Alimshika mzee mkono wakarudi nyumbani. Kuuliza si ujinga, lakini hofu haina masikio.

Jumatatu alikuja Dorcas, muuguzi wa tiba shufaa. Kazi yake ni kuwatembelea wagonjwa wa maradhi mazito na kuwapunguzia mateso.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Masele alinyanyua kidole tu. Marahaba haikutoka.

"Modesta, mbona mlikataa sindano?"

"Dada Dorcas, niambie ukweli. Baba apoteze fahamu, abaki kama gogo? Bora aumwe lakini anijue."

Dorcas hakucheka.

"Kumbe ni neno hilo! Mishipa ya fahamu siyo akili. Ni kama nyuzi nyembamba mwilini, zinapeleka habari kichwani. Ukikanyaga mwiba, hizo ndizo zinakwambia. Sasa, karibu na uti wa mgongo lipo fungu linalobeba maumivu ya kongosho. Daktari anazima fungu hilo tu. Ukikata waya wa taa ya jikoni, ya sebuleni inazimika?"

"Haizimiki."

"Basi na akili yake haiguswi."

"Wanazimaje?"

"Anatiwa ganzi. Daktari anapitisha sindano ndefu mgongoni, huku anaangalia picha kwenye mashine. Halafu anaweka alkoholi pale kwenye mishipa."

Sauti ilitoka kitandani.

"Alkoholi? Mimi Msabato?" Mzee alivuta pumzi. "Miaka hamsini nimeikwepa mbele, leo inanipitia nyuma!"

Modesta alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akauliza lile lililomkaa moyoni.

"Atapona?"

"Hapana, siwadanganyi. Saratani inabaki. Wengi wanapata nafuu ya maumivu kwa miezi kadhaa, ila siyo wote. Siku za mwanzo anaweza kuharisha. Akisimama haraka presha itashuka, apate kizunguzungu. Mara chache sana miguu inakosa nguvu. Muulizeni daktari yote hayo kabla ya kutia sahihi. Na mofini msiiache ghafla. Daktari ataipunguza mwenyewe."

Modesta alimgeukia baba yake. "Baba, unasemaje?"

"Nipelekeni."

Alhamisi mzee alichomwa sindano. Siku mbili aliharisha, na kila alipotaka kusimama Modesta alimshika. Siku ya tatu alilala mchana bila kujikunja, mdomo wazi, akikoroma. Modesta hakuwahi kuufurahia mkoromo kiasi hicho.

Wiki mbili baadaye daktari alikuwa ameshapunguza mofini. Modesta alimwandalia ugali na sato wa kuchemsha. Mzee alikaa mwenyewe, akala matonge manne. Saratani ilikuwepo vilevile, na wote wawili walijua. Lakini Modesta alijiona mjinga kidogo. Aliogopa sindano itamwondolea baba yake fahamu, kumbe maumivu yalishamchukua zamani. Kwa miezi miwili kabla ya sindano mzee hakumuulizia mtu yeyote, wala mjukuu, wala jirani.

Mzee Masele aliisogeza sahani kwa binti yake, akamtazama vizuri.

"Mwanangu, umekonda. Wewe umekula?"

 Modesta alinawa mikono, akakaa karibu naye, wakala pamoja.