Kibundi cha Stoo ya Kahawa

Picha ya saba nayo ilitoka vilevile: kibundi kimempa Brenda kisogo. Kilikuwa kidogo, ngumi ya mtu mzima inakizidi, na kila asubuhi alikikuta juu ya boriti ya stoo ya kahawa, pale kwao Nanyala, kikikodolea macho kona ya magunia matupu. Kona hiyo ilinuka majivu yaliyolowa. Nyuma ya ukuta wake ndiko alikolala mama yake, Gwantwa, aliyepooza na kunyamaza tangu Pasaka. Brenda alikuwa amerudi kumuuguza, na picha ndiyo starehe pekee aliyobaki nayo.

Kwa furaha ya kijinga akairusha kwenye grupu la kwaya.

"Futa!" akajibiwa. "Bundi kwenye nyumba ya mgonjwa? Anamsubiri mama huyo."

Kabla ya chai ya saa nne, kaka yake Asajile alishafika na mzee wa kanisa, Ezron, pamoja na waimbaji wenye fimbo, na chumvi ya kutupa motoni. Kwetu bundi hana wakili.

"Kaka, anakula panya tu," Brenda alinong'ona.

"Unataka mama afe ndiyo uamini?"

Wakaingia stooni, wakamfungia nje. Akiwa pale mlangoni, huku fimbo zikigonga boriti, akaikuza picha, akaikuza tena, mpaka kona ikajaa kioo chote cha simu, na katikati ya magunia akaona mkono mrefu, mweusi kwa masizi, umeziba uso usioonekana, kama mtu anayejikinga na jua, ukijificha na macho ya kile kindege.

"Msimuue! Anamzuia!"

"Haleluya!" wakaitikia ndani.

Ukasikika mlio mmoja mdogo. Kisha magunia yakakokotwa taratibu kuelekea ukutani.

"Ameshindwa," alisema mzee Ezron, akitoka anafuta jasho.

Ndipo mama Gwantwa akaita kutoka chumbani, kwa sauti safi kabisa. Asajile akapiga magoti akilia, kwaya ikaanza wimbo. Watu wetu, muujiza ukija hawauulizi umetoka wapi.

Brenda aliingia wa kwanza. Chumba kilinuka majivu. Mama alikuwa ameketi kitandani, anatabasamu.

"Asanteni kwa kumwondoa yule," alisema. "Alinitazama mno, nikashindwa kupita."