Kisigino cha Beya

Omer, fundi wa magari wa mtaa wa Kapata, Kolwezi, ndiye aliyenisimulia haya. Ni ya ile miaka Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa mji huo wa Kongo.

Kila Jumapili yeye na rafiki yake Beya, Mkasai, waliingia mashindano ya magari kwa Golf ya Omer. Gari lile huvutwa na magurudumu ya mbele. Ukiondoka kwa nguvu, injini hutikisika, magurudumu hurukaruka, na kardani, chuma kinachozungusha magurudumu, hukatika. Dawa aliijua Beya. Alikata kisigino cha kandambili yake ya tairi, akakikaza chini ya injini isicheze, kisha akapiga boneti makofi mawili: nenda!

Beya naye akafukuzwa. Alilala nje ya stesheni na mkewe Mushiya wakingoja treni. Jioni moja Omer aliwapelekea unga. Kisigino cha zamani chini ya injini kilikuwa kimedondoka, na Omer hakuweka kingine.

Njiani, gizani, vijana wenye marungu wakamzingira. "Unabapelekea Bakasai chakula?"

Omer akakanyaga mafuta. Magurudumu yakarukaruka, kardani ikalia ta-ta-ta, kioo cha nyuma kikavunjwa. Mbele hapakuwa na mtu, lakini boneti ikapigwa makofi mawili. Injini ikatulia. Gari likachomoka.

Stesheni, Mushiya aliketi kando ya mkeka uliofunikwa shuka. "Umekawia, tata Omer. Beya alikufaka asubuyi. Nilimuvalisha kandambili yake mupya, basimuzike miguu tupu."

Omer akaenda garini, akafungua boneti, akainua taa. Chini ya injini palikuwa pamekazwa kisigino kipya.

Akarudi, akafunua miguu ya marehemu. Kandambili ya kushoto ilikuwa imekatwa, na mkato ulikuwa bado mbichi.