Kipandio cha Mwisho

Kila nikitoka shule nilikuwa naosha vyombo, kisha natoka kuruka kamba na wenzangu. Siku ile Baba akanizuia. Nyumba yetu ilikuwa inaongezwa ghorofa, na fundi wetu, aliyeitwa Timazi kwa kutopenda chochote kilichopinda, alihitaji mtu wa kumshikia tepu huko juu apime kimo cha ngazi.

"Mwanangu, shika kwenye mstari wa penseli ukutani," Timazi aliniambia kutoka chini. "Vigae vya sakafu vitafika hapo. Usishike kwenye zege tupu."

Nilikuwa nimenuna, mdomo nimeuvuta. Mstari ulizibwa na mifuko ya saruji, nami sikutaka kuisogeza. Nikashika kwenye zege.

"Umeshika mstarini?"

"Ndiyo!" nilijibu kwa ukali.

Timazi akapiga hesabu. "Sentimita mia mbili themanini na tisa. Vipandio kumi na saba, kila kimoja kimo cha sentimita kumi na saba, pa kukanyagia ishirini na tisa. Mtu hatachoka wala kujikwaa."

Wiki ya kwanza baada ya vigae kuwekwa, Mama alipanda ngazi na beseni la nguo. Kidole cha mguu kiligonga kipandio cha mwisho, akabiringika hadi chini. Mkono ukavunjika.

Baba alimwita Timazi na kumfokea mbele ya majirani. "Fundi gani wewe? Mtaa huu hutapata kazi tena!"

Timazi alichukua tepu yake. Alipima kipandio kimoja kimoja. Kumi na saba, kumi na saba, mpaka cha mwisho: ishirini na mbili.

"Mguu ukishazoea kimo kimoja hauangalii tena," alisema. "Hizi sentimita tano za ziada ni mtego. Lakini nilipima! Na jirani yako keshaniambia nisije kumjengea."

Nilimkasirikia Baba kwa kelele zake. Nilimkasirikia hata Mama, kwa nini hakuinua mguu! Kisha nikauona mkono wake uliofungwa plasta, na hasira yote ikanigeukia mwenyewe.

"Sikushika mstarini, nilishika chini yake, kwenye zege," nilisema. "Nilidanganya."

Baba alinikodolea macho, kisha akamgeukia Timazi. "Fundi, nisamehe. Nimekuvunjia heshima bure."

"Kosa langu lipo. Nilipaswa kupanda nikaone mwenyewe," Timazi alisema. "Nitaongeza saruji kidogo kidogo juu ya kila kipandio, vyote vilingane tena. Na huyu atashika tepu."

Alirekebisha ngazi kwa siku tano. Nilisogeza kila mfuko, nilishika kila mstari. Mama alipanda polepole, akafika juu bila kujikwaa. Ndipo Timazi aliponiita. Bado alikuwa amekunja uso.

"Tepu haikukosea, binti. Zile sentimita tano zilitoka mdomoni mwako. Sasa twende kwa jirani, ukamwambie kwa mdomo huohuo."

Nikatangulia mimi kubisha hodi.