Ngozi Laini ya Léonard

Makombora yalikuwa chini ya machela. Juu ya machela wangelala wanaume wazima waliojifanya wameungua moto. Lori likifika kilimani juu ya Kingi, kijiji kingepigwa kabla ya watu kula chakula cha jioni.

Amri aliyopewa Kavuo ilikuwa fupi: lisifike.

Ilikuwa mwaka 2012, na Kavuo alikuwa jasusi. Kwenye sherehe za Goma watu walimjua kwa kazi nyingine: kupuliza rangi usoni, maua kwa maharusi, chui kwa watoto. Ndiyo sababu Léonard, mchuuzi wa silaha, alimwita kwenye gereji moja ya Walikale asubuhi ile. Hakujua amemwita nani.

Léonard alikuwa na mwili wa fahali na moyo wa kupe. Picha yake ilibandikwa kwenye kila kizuizi cha jeshi barabarani. Alikuwa amezika vijana kwenye mashimo ya madini ya Bisie bila kukosa usingizi hata siku moja.

Alichoogopa ni chunusi.

"Mama, miye ngozi yangu iko sensible," alisema, akijitazama kwenye kioo cha Fuso. "Usinipake bêtises."

"Niko na ile rangi ya batoto, patron. Haina diluant, ile dawa kali ya rangi ya gari. Inatokaka na maji tu."

"Njo ile ninataka. Yote iko yangu. Bale bengine ubapake rangi ya gari. Ngozi ya babeba mizigo haijue kitu."

Kavuo aliwasha kompresa. Kelele ikajaa gereji. Akatoka uani kama anayekwenda kuchota maji, akafungua simu ya setilaiti, Thuraya.

"Mvua?"

"Mbingu ya Masisi yote iko nyeusi," alijibu Maurice, mkuu wake, kutoka Goma.

"Kizuizi cha mwisho?"

"Kapteni Théophile. Muvivu, lakini hauzishe barabara, hakule rushwa."

"Inatosha."

Akarudi. Akaosha kipistole cha rangi, akashusha presha, akaanza kazi. Njano kwanza. Ikikauka, nyekundu. Kahawia kwenye kingo, kisha tone la gliserini ili malengelenge yang'ae. Léonard alivitazama vidonda vyake kwa furaha ya bibi harusi.

Wabeba mizigo wakapangwa ukutani. Mmoja wao alikuwa Stéphane, mwenzake Kavuo, aliyejipenyeza kwenye kundi lile. Kavuo alimfunika macho kwa karatasi.

Léonard akaichomoa.

"Muntu ameungua, halafu kope ziko safi? Puliza."

"Itamuharibia macho, patron."

"Iko macho yako?"

Mlinzi mlangoni alishusha Kalashnikov kutoka begani. Kavuo akikataa, wangekufa wote wawili, na Kingi ingefuata.

Stéphane alimtazama.

"Puliza, dada. Unachelewesha bantu."

Akafumba macho. Kavuo akapuliza.

Diluant haibishi hodi. Ilipenya chini ya kope, na Stéphane akauma meno. Kavuo aliomba maji ya kumwosha. Léonard alisema vidonda visiguswe.

Lori likaondoka, Kavuo akiwa nyuma na machela kama muuguzi wao. Barabara ilikuwa tope tupu. Kila kizuizi askari walichungulia, wakaziba pua kwa harufu waliyoiwazia wenyewe, wakafungua. Mashujaa wa nchi!

Mvua iliwakuta kwenye kizuizi cha mwisho, chini ya Kingi.

Kapteni Théophile alitoka na mwavuli. Akatazama machela, akarudi nyuma.

"Pole yabo. Bapite."

Kavuo, ndani ya koti jeupe la muuguzi, alitoa wembe mfukoni akakata kamba ya turubai lililotandwa juu ya machela. Turubai lililojaa maji likammwagikia Léonard.

Kidonda cha shavu kikateremka shingoni. Kile cha paji la uso kikafuata. Chini yake ukatokea uso ulioshiba, ule ule wa kwenye picha.

"Ah, mama infirmière!" alisema kapteni. "Dawa yenu iko kali. Muntu anapona na mvua?"

Léonard alichomoa bastola chini ya blanketi. Stéphane, asiyeona kitu, alifuata mlio wa chuma akaurukia mkono. Risasi ikaenda mawinguni. Makarov ya Kavuo, bastola aliyoificha kotini, ilikuwa tayari nyuma ya sikio la Léonard.

"Acha."

Bastola ikaanguka.

"Mama," alilia mtu yule, "nasikia baridi."

"Vumilia, patron. Ngozi itazoea."

Askari walinyanyua machela. Masanduku ya kijani yakaonekana, yamepangwa vizuri kama sabuni dukani. Kapteni akaanza kupiga kelele za amri, kana kwamba yeye ndiye aliyeyatafuta.

Kavuo hakumngojea. Alimshika Stéphane mkono, wakatembea polepole kwenye mvua kuelekea jeep iliyoegeshwa kizuizini. Akafungua simu.

"Haikufika."

"Kingi?" aliuliza Maurice.

"Hakuna hata muntu mumoja alikufa."

"Upande wetu?"

"Babeba mizigo bote, nyuso zimechunika. Stéphane, jicho la kushoto limekufa. La kuume linaona mwangaza tu. Bantu haibaone."



"Nani alimufanya vile?"

"Miye," alisema Kavuo, akamfungulia Stéphane mlango.