Masuke Yaliyofungwa Kitambaa

Asubuhi ile Nyamvula hakutulia. Alimkamua ng'ombe wao, Pambo, akaacha chai yake nusu, akaenda kutazama shamba. Akarudi. Akaenda tena. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, lakini mbegu za nyasi alizopanda zilikuwa zimeota chache tu, nyembamba kama uzi.

"Msimu huu pia?" mumewe Tinga aliuliza. "Basi tumuuze Pambo. Hapa Bofu malisho yamekwisha, kila mahali nyumba."

"Umuuze! Watoto wanywe nini?"

Alichukua mbegu zilizobaki, akakimbilia kwa jirani yake, Bi Mwanatatu, mkulima wa nyasi za kienyeji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema? Kaa kwanza."

"Sikai, bibi! Mbegu hizi zina nini?"

Bi Mwanatatu alizisugua viganjani, akapuliza. Karibu zote zikapeperuka.

"Makapi matupu! Umezitoa wapi?"

"Shambani kwangu. Nyasi nene namkatia Pambo. Zile anazokataa naziacha zitoe mbegu."

"Ala! Nyasi nzuri zaingia tumboni mwa ng'ombe, mbovu ndizo wazifanya mbegu? Wallahi, ndiyo maana zazidi kuwa ndogo."

"Nifanyeje sasa?"

"Chagua mashina yenye masuke mengi na mbegu nono. Yafunge kitambaa, yasikatwe. Mbegu zikikauka na kuanza kudondoka, zivune. Zipande kando, mbali na nyasi dhaifu, maana upepo huchanganya unga wa maua. Msimu ujao, chagua tena."

"Tena? Pambo atangoja?"

"Nitakupa mbegu zangu uanzie. Kuchagua ni kazi yako, inshallah."

Alizipanda mbegu za bibi, nyasi zikaota. Nyamvula akafunga vitambaa kwenye mashina bora. Lo, kungoja kulimtesa! Pambo alilia akiyatazama mashina yale, na mkono wa Nyamvula ukamwasha kuyakata. Hakuyakata. Alivuna, akapanda, akachagua tena.

Msimu uliofuata alisugua mbegu, akapuliza kwa nguvu. Makapi machache yakaruka. Mbegu zikabaki kiganjani, nono.

Mara mchuuzi wa ng'ombe akabisha hodi. Nyamvula akaganda, akamtazama mumewe.

"Ng'ombe hauzwi," Tinga alimwambia mchuuzi, akizitazama mbegu kiganjani mwa mkewe. "Labda utake mbegu za nyasi."

Nyamvula akakaa kitako, akanywa chai yake yote.