Mwezi wa Lala Salama

Haya yalimpata jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Bi Makasi, kwa sababu ya mkasi anaotembea nao mfukoni na kwa sababu ya ulimi wake. Asiyeamini aende kwake akaone. Atafunguliwa, ila viatu atavua mlangoni, na akijisikia chafya aimeze.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Bi Makasi alikuwa kwenye kigoda ndani ya karakana ya mke wa mwanawe, ungo mapajani, anachambua mchele na kuwachambua majirani. Karakana ilikuwa gereji ya zamani nyuma ya nyumba, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili jua lisiingie. Kuta zote zilijaa taa za neoni, zile za mirija ya kioo yenye gesi, za enzi zilizopita: kiatu cha samawati kilichotoka kwenye duka la viatu lililovunjwa, mkasi mwekundu wa kinyozi unaofunguka na kujifunga, jogoo wa kijani aliyewahi kuwika bila sauti juu ya duka la mkate. Jengo likibomolewa popote, huyo mke wa mwanawe alikuwa wa kwanza kufika, ngazi begani, anawabembeleza wabomoaji wamsubiri ashushe taa. Ndiyo maana watu wakamwita Mama Taa. Kila Jumamosi mchana aliwafungulia watu mlango, akaziwasha moja moja, na wazee walionunua viatu vya harusi chini ya kile kiatu cha samawati walisimama midomo wazi kama watoto.

"Wenzako wanaokota yatima," Bi Makasi alimwambia, "wewe unaokota vibao."

"Vibao havili, mama."

"Havili? Umeme anakunywa nani?"

Mtu asidanganywe na maneno yao. Bi Makasi alijaliwa mtoto mmoja tu, dereva wa malori ya masafa marefu, anayerudi nyumbani kama mgeni, anakula, analala, anaondoka. Aliyemkanda magoti, aliyempelekea chai kitandani, aliyemjibu akisema, ni huyu mkwe. Uzeeni alikuwa na huyo, na baada ya huyo hakuwa na mtu.

Siku hiyo mezani palikuwa na bango jipya, yaani jipya hapo, maana lenyewe lilikuwa kuukuu. Lilitoka kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikivunjwa karibu na stesheni. Lala Salama, kwa maandishi mekundu, na juu ya maandishi mwezi mwembamba wenye uso wa mtu, jicho limefumbwa, mdomo wazi kidogo. Maandishi yaliwaka miaka na miaka. Mwezi haukuwahi kuwaka hata siku moja, tangu ulipotundikwa. Wageni waliopewa chumba cha chini yake walikuwa wakigomba asubuhi kwamba kuna mtu amewakoromea nyuma ya ukuta. Na nyuma ya ukuta ule hapakuwa na chumba. Palikuwa na bango.

"Nimeona ugonjwa wake," Mama Taa alisema. "Tazama kidevuni, mama. Kioo kimebonyea. Fundi aliacha kupuliza kabla kona haijakaa. Nikikata ncha, nikapasha moto, nikapuliza, kitainuka. Halafu natia gesi. Utawaka."

Kazi hiyo yote ni pumzi. Mrija wa kioo ukilainika motoni hutaka kujifunga kama utumbo, kwa hiyo fundi huchomeka mpira mwembamba wenye tundu kwenye ncha yake, akaushika upande wa pili kwa midomo, na huku anapinda, huku anapuliza polepole ili ndani pabaki wazi. Unapuliza tu. Huvuti. Kila fundi wa neoni huambiwa hilo kabla hajaonyeshwa kiberiti kiko wapi.

Akaikata ncha ya mwezi. Bi Makasi akasikia kitu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Akadhani ni mchele ungoni.

Mama Taa akachomeka mpira, akautia mdomoni, akawasha moto. Bi Makasi naye akautazama ule uso, jicho limefumbwa, mdomo wazi.

"Huyu namjua," akasema. "Ndivyo marehemu baba mkwe wako alivyolala usiku wa harusi yetu. Mimi nimekaa pembeni, maua kichwani, nasubiri mume."

Mama Taa akacheka, mpira mdomoni. Akacheka mpaka kifua kikaisha hewa. Na mtu aliyecheka hivyo, lazima avute.

Akavuta.

Kicheko kikakatika hapo hapo. Akautoa mpira mdomoni, akazima moto, akakaa.

"Mama," akasema taratibu, "kuna mtu amevuta tumbaku humu?"

"Nani avute, panya?"

"Naisikia mdomoni. Tumbaku na kitunguu kibichi."

Akasukutua. Haikutoka. Akala, haikutoka. Na jua lilipozama bado alikuwa anameza mate kwa uso wa mtu aliyebusiwa na asiyemtaka.

Siku zilizofuata Mama Taa alianza kupungua. Akipanda ngazi ndogo ya jikoni anasimama katikati, mkono ukutani. Midomo ikapauka. Hospitali walimpima kifua wakasema ni kizima, apumzike. Akapumzika. Ndipo Bi Makasi, aliyekaa kando ya kitanda mchana kweupe akishona kifungo, aliposikia.

Mkwe alivuta pumzi. Akaitoa. Kisha ikatoka nyingine, ambayo hakuivuta.

Bi Makasi akaacha sindano hewani. Akasikiliza. Ya kwanza ilikuwa fupi na nyepesi, ya mtu aliyechoka. Ya pili ilikuwa nzito, ya mwanamume, na mwishoni ilipiga filimbi ndogo. Zilipokezana. Kila zamu, ile fupi ilizidi kuwa fupi.

Midomo ya mkwe ikafunguka, macho yamefumbwa, na ikatoka sauti isiyokuwa yake.

"Bado kidevu."

Bi Makasi hakupiga kelele. Alijifunga nguo vizuri, akatia mkasi mfukoni, akaenda kumtafuta Mzee Pampu.

Katika mafundi wa karakana iliyolitengeneza bango lile zamani, Mzee Pampu ndiye pekee aliyebaki. Alikuwa akiishi kwa binti yake nyuma ya soko, anapasha miguu joto juani. Alimsikiliza Bi Makasi kwa adabu hadi yale maneno mawili. Hapo aliweka kikombe ukingoni mwa meza, kikaanguka, wala hakukitazama. Aliinuka akafunga mlango kwanza.

"Alikuwa mwenzangu," alinong'ona. "Yeye anapinda kioo, mimi namalizia, natoa hewa, natia gesi. Alifia kwenye ule mwezi, amekaa vilevile, mpira mdomoni. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa nje anataka bango lake. Nikautoa mpira, nikaziba ncha kwa moto. Nikasema kesho nitatoa hewa. Kesho yake kioo kilikuwa bado kina joto. Siku ya tatu, bado kina joto. Nikashindwa kukitia pampu ya kunyonya hewa."

"Kwa nini?"

"Ningemvuta."

"Ukakitundika hivyo hivyo."

"Nikakitundika hivyo hivyo."

"Juu ya vichwa vya watu waliolipia usingizi," alisema Bi Makasi. "Vaa viatu, twende."

Njiani mzee alimweleza la kufanya. Pumzi irudi ilikotoka. Mkwe apulize mpaka ile ladha iishe mdomoni. Ikiisha, aache papo hapo, asizidishe hata kidogo. Yeye Pampu atakuwa amesimama na moto, aizibe ncha.

Mvua ilikuwa inapiga mabati walipoingia karakana. Hawakuwasha taa hata moja. Mama Taa walimkalisha wakamwegemeza, maana shingo ilikuwa haikimudu tena kichwa. Mwezi ukalazwa mbele yake. Bi Makasi akamtia mpira mdomoni, kama mtu anayemlisha mtoto.

"Puliza, mwanangu."

Akapuliza. Mzee akapitisha moto kidevuni. Kioo kikawa chekundu, kikalegea, na ile sehemu iliyobonyea ikaanza kuinuka. Ikainuka. Ikakaa. Uso ukawa mzima kwa mara ya kwanza.

Mama Taa akanyoosha mkono juu. Ladha imeisha.

Akaacha kupuliza.

Mpira haukuacha.

Mashavu yake yaliingia ndani. Akashika meza. Macho yakamtoka, yakamtazama Bi Makasi. Alitaka kutema mpira. Midomo haikubanduka. Kulikuwa na mtu upande wa pili anavuta, polepole, kwa raha, kama anayekunywa chai.

Bi Makasi akachomoa mkasi. Akaukata mpira.

Mzee Pampu aliona mpira umeanguka. Mikono yake haikumuuliza. Ilifanya ilichofanya siku ile mwenzake alipokufa.

"Usizibe," Bi Makasi alinong'ona.

Alikuwa ameshaziba.

Mvua tu. Mama Taa amekaa wima kwenye kiti, mikono mapajani, macho wazi. Kifua hakipandi. Hakishuki. Bi Makasi aliushika uso ule kwa mikono miwili.

"Mama," Mama Taa alisema. "Nina kiu."

Sauti ilitoka. Pumzi haikutoka. Bi Makasi alikuwa karibu kiasi cha kuihisi shavuni, na hakuihisi. Akaufuta mkasi kwa nguo yake hadi ukang'aa, akauweka mbele ya midomo ya mkwe.

"Sema tena."

"Nina kiu."

Chuma kilibaki kinang'aa. Hakikupata ukungu hata kidogo.

Mezani, bila waya, bila gesi, mwezi ulikuwa umeanza kuwaka. Mwanga hafifu, mweupe. Ulizidi kidogo. Ukapungua. Ukazidi.

Mzee Pampu alikuwa analia. "Tuikate ncha tena," alisema. "Tuitoe."

"Tukikata," Bi Makasi aliuliza, "atatoka nani?"

Ncha haijakatwa hadi leo.

Mama Taa yuko. Anapika, anakula, anagomba na wabomoaji, anapanda ngazi kama msichana. Rangi imemrudia. Ila kioo hapulizi tena, na kiberiti akikiwasha hukizima kwa kukitikisa. Mumewe aliporudi na lori lake alisema usiku mkewe halali kama watu, ametulia mno. Mama yake akamwambia ashukuru, wengine wanaoa wakoromaji. Kisha akampa mbao na godoro la zamani, akamwamuru atengeneze kisanduku cha mwezi, kilichotandikwa sponji pande zote, uso ukiwa wazi. Kiko sebuleni. Katika nyumba ile hakupigiliwi msumari. Mpira wa watoto ukidunda uani, Bi Makasi hutoka na mkasi wake, na watoto wanajua hafanyi mzaha.

Jumamosi watu bado wanakuja. Wanausifia mwezi kuliko taa zote. Wanauliza umeunganishwaje, mbona waya hauonekani.

"Umekuja kutazama au kukagua?" Bi Makasi huwauliza.

Kila asubuhi anaufuta vumbi mwenyewe, kwa pamba, amebana pumzi yake. Ndani ya kioo, pale kidevuni, pana ukungu wa ukubwa wa kucha, unaokuja na kuondoka. Ni mfupi, ni mwepesi. Mwendo wake anaujua, ameusikiliza miaka mingi kupitia ukuta wa chumba cha mkwe wake.

Kuna ukungu mwingine, mpana zaidi, mzito. Mwanzoni ulikuwa mbali, juu kabisa, kwenye pembe ya mwezi.

Jana alipofuta, ulikuwa umefika shavuni.